Kofia ya Chuma na Nguo Yake: Historia ya Helmeti, Vifuniko Vyake na Wanaozikusanya



Juma lililopita darasani tulitazama picha ya askari wa Marekani waliopigana vitani Vietnam. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kofia yenyewe ni ya chuma. Kwa nini wameivika nguo? Nguo itazuia risasi gani?" Darasa zima lilicheka, lakini swali lilikuwa na uzito kuliko kicheko chetu. Siku ile nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia. Leo namjibu kwa kirefu, na kwa lugha tunayojifunza.

Jibu fupi ni hili: nguo haizuii risasi. Chuma hukinga kichwa. Nguo husema na macho ya watu. Humwambia adui, "Hapa hakuna mtu," au humwambia raia, "Hapa pana mlinzi." Ukizifuata helmeti na vifuniko vyake tangu mwaka 1915 hadi leo, utaona kwamba historia hiyo, iliyoanzia kwenye mahandaki ya Ufaransa, imefika mpaka Kigali. Ilipofika hapa ilituachia swali zito zaidi kuliko lile la mwanafunzi wangu.

Vichwa vitupu vya mwaka 1914

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, majeshi makubwa ya Ulaya hayakuwa na kofia za chuma kwa askari wao wa kawaida. Mfaransa alivaa kofia ya kitambaa, Mwingereza vivyo hivyo, na Mjerumani alivaa kofia ya ngozi yenye mkuki mfupi utosini. Kofia hizo zilipendeza gwarideni. Lakini askari walipojichimbia mahandakini, miili ikawa imefichwa na vichwa vikabaki juu. Makombora yalipasukia angani na vipande vyake vikanyesha kama mvua ya mawe. Hospitali za vita zikajaa watu wenye majeraha ya kichwa.

Ufaransa ndiyo iliyotangulia kutafuta dawa. Husimuliwa kwamba afisa mmoja, August-Louis Adrian, alikutana na majeruhi aliyeokoka kwa sababu alikuwa ameweka bakuli lake la chuma ndani ya kofia yake. Iwe ni kweli au ni hadithi, mwaka 1915 jeshi la Ufaransa lilianza kugawa helmeti iliyopewa jina la Adrian. Ilikuwa nyepesi, yapata gramu 700, yenye ukingo mwembamba na kishungi cha chuma juu yake. Mwaka huohuo Mwingereza John Leopold Brodie alisajili ubunifu wake: helmeti iliyofanana na sahani iliyopinduliwa, iliyofinyangwa kwa pigo moja la mashine. Wajerumani walifuata mwaka 1916 kwa helmeti iliyobuniwa na Friedrich Schwerd, iliyoshuka hadi masikioni na shingoni.

Tazameni vizuri maumbo hayo matatu. Helmeti ya Mwingereza ilikinga vitu vinavyoanguka kutoka juu. Ya Mjerumani ilikinga pia pande na kisogo. Ya Mfaransa ilitengenezwa upesi kwa sababu watu walikuwa wanakufa kila siku. Hakuna hata moja iliyokusudiwa kuzuia risasi ya bunduki iliyopigwa kwa karibu. Adui aliyekusudiwa alikuwa kipande cha kombora.

Chuma kinapong'aa

Tatizo moja lilipotatuliwa, lingine likazaliwa. Chuma kilichopakwa rangi laini hung'aa juani, na kikilowa mvua hung'aa hata usiku wa mbalamwezi. Kitu kilichowekwa ili kukinga kichwa kikawa kinamwonyesha adui kichwa kilipo.

Askari wenyewe ndio walioanza kutafuta njia. Waingereza walikata magunia ya mchanga na kuyashonea juu ya helmeti. Wengine walipaka matope. Jeshi la Ufaransa liligawa vifuniko vya kitambaa, kisha likaviondoa, kwani madaktari waliona kwamba kipande cha chuma kilichotoboa helmeti kiliingiza na nyuzi chafu kidondani, na kidonda kikaoza. Hapo mnaona kwamba vita havina jambo dogo: hata kitambaa kinaweza kuua.

Wakati huohuo Ufaransa iliunda, mwaka 1915, kikosi maalumu cha kuficha mizinga na vituo vya jeshi. Kiliongozwa na mchoraji, Lucien-Victor Guirand de Scévola, na ndani yake walikuwamo wachoraji wengi. Watu waliozoea kuchora ili vitu vionekane vizuri sasa walitakiwa kuchora ili vitu visionekane kabisa. Mwezi Julai 1918 jeshi la Ujerumani nalo liliamuru helmeti zipakwe mabaka makubwa ya kijani, kahawia na manjano ya udongo, yakitenganishwa kwa mistari myeusi yenye upana wa kidole. Helmeti hizo leo ni miongoni mwa zile zinazotafutwa sana na wakusanyaji.

Na ukanda wetu je? Vita hivyohivyo vilipiganwa hapa. Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwezi Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigali. Askari Waafrika waliopigana chini ya Wajerumani hawakupewa helmeti za chuma. Walivaa tarbushi, na juu ya tarbushi ile walivika kifuniko cha kaki chenye kitambaa cha kukinga shingo dhidi ya jua. Basi kifuniko cha kofia ya askari si kitu kigeni kwetu. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, mara nyingi hawakuwa na kofia wala kiatu. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Hakuna mkusanyaji awezaye kuonyesha helmeti ya mpagazi, kwa maana haikuwapo.

Nguo yenye mabaka

Baada ya vita vile, viwanda vilijifunza kuchapa mabaka juu ya kitambaa. Italia ilitangulia mwaka 1929 kwa turubai la hema lililochapwa mabaka, na Ujerumani ikafuata mwaka 1931. Katika miaka ya 1930 kikosi cha Waffen-SS, tawi la kijeshi la chama cha Wanazi, kilianza kutumia vifuniko vya helmeti vyenye pande mbili: upande mmoja wa rangi za majira ya kuchipua na upande wa pili wa rangi za majani makavu.

Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia na helmeti mpya iitwayo M1, iliyopitishwa mwaka 1941. Ilikuwa na sehemu mbili: ganda la chuma kwa nje na kofia nyepesi kwa ndani iliyobeba mikanda ya kichwani. Ganda liliweza kuvuliwa peke yake, na askari walilitumia kunawia, kunyolea ndevu na hata kuchimbia. Zaidi ya milioni 22 zilitengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1945. Askari wa majini wa Marekani waliopigana visiwani Pasifiki walipewa vifuniko vya mabaka, kijani upande mmoja na kahawia upande wa pili. Mchoro wake ulibuniwa na Norvell Gillespie, mtaalamu wa bustani. Mtu aliyefahamu maua na majani ndiye aliyewafundisha askari kufanana na kichaka.

Lakini nguo inayosema na macho inaweza pia kusema uongo bila kukusudia. Mwaka 1944, huko Normandy, Ufaransa, baadhi ya vikosi vya Marekani vilivaa sare za mabaka. Kwa kuwa Waffen-SS nao walivaa mabaka, Wamarekani wengine waliwadhania kuwa adui, na sare zile zikaondolewa. Nguo iliyowaficha kwa adui iliwaficha kwa ndugu zao pia.

Kalenda juu ya kitambaa

Sasa turudi kwenye picha yetu ya Vietnam. Helmeti ile ni M1 ileile. Kifuniko chake ni cha pamba, chenye majani ya kijani upande mmoja na mawingu ya kahawia upande wa pili, kikiwa na vitundu vya kuchomekea matawi. Kimezungukwa na mkanda wa mpira, ambamo askari walichomeka chupa ya dawa ya mbu, pakiti ya sigara au karata.

Zaidi ya hayo, waliandika. Askari wa kawaida wa Marekani alitumikia Vietnam kwa miezi 12, na wa majini kwa miezi 13. Wengi waliandika majina ya miezi juu ya kifuniko na kuufuta kila mwezi ulipopita. Wengine waliandika jina la mchumba, la mji wa nyumbani, sala, matusi, au alama ya amani. Kitambaa kilichotolewa na serikali ili kumfanya mtu asionekane, mtu yule alikitumia kusema, "Mimi nipo, nina kwetu, nahesabu siku." Kifuniko chenye miezi saba iliyofutwa na mitano iliyobaki kina habari ambazo hutazipata katika kitabu chochote cha hesabu za jeshi.

Wanaozikusanya

Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaokusanya helmeti hizi na vifuniko vyake. Baadhi yao ni wajukuu wa askari, wengine ni walimu wa historia, wengine ni wafanyabiashara tu. Mkusanyaji mwema huisoma helmeti kama sisi tusomavyo shairi, mstari kwa mstari. Katika M1 hutazama namba iliyogongwa ndani ya ukingo wa mbele. Hutazama vishikizo vya mkanda wa kidevuni: vya mwanzo vilikuwa havichezi, na tangu mwishoni mwa mwaka 1943 vikawa vinacheza. Hutazama pia mahali ncha za ukingo zinapokutana: zilikuwa mbele, kisha zikahamishiwa nyuma. Kwa dalili hizo huweza kukadiria umri wake.

Kifuniko ni kigumu zaidi, kwa sababu nguo huigwa kwa urahisi kuliko chuma. Mkusanyaji huchunguza mishono na aina ya uzi. Huangalia kama kitambaa kimechakaa palepale kilipokutana na ukingo, na kama kutu ya helmeti imeacha alama yake ndani. Wengine hukiweka chini ya taa ya miale ya urujuanimno, kwa kuwa nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini ya taa hiyo ilhali pamba ya zamani haing'ai vile. Vifuniko vya Waffen-SS na vile vyenye maandishi ya Vietnam huuzwa kwa fedha nyingi, na ndiyo sababu vya bandia vimejaa sokoni. Mtu hununua kifuniko kisichoandikwa, akachukua kalamu na kukiandikia huzuni ya mtu ambaye hakuwahi kuishi. Huo, kwa maoni yangu, ni wizi wa kumbukumbu.

Uko pia wizi wa namna nyingine. Mashamba ya Verdun na kwingineko bado yana mabomu yasiyolipuka na mifupa ya watu. Ufaransa hairuhusu mtu yeyote tu kutembea na mashine ya kutafutia chuma akifukua apendavyo, na ni haki iwe hivyo, maana palipo na helmeti huenda pana kichwa. Ujerumani nayo imekataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, isipokuwa kwa shughuli kama za elimu na utafiti. Kwetu, jambo ni kali zaidi. Katika nchi kadhaa za ukanda huu raia haruhusiwi kuvaa wala kumiliki mavazi ya jeshi. Majirani zetu wa Uganda wana sheria ya namna hiyo, na mwaka 2019 hata bereti nyekundu iliingizwa katika orodha ya mavazi yaliyohifadhiwa kwa jeshi. Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, usiende sokoni kutafuta kitambaa cha mabaka ili uanze mkusanyiko. Nenda kwenye makumbusho.

Kifuniko kinachotaka kuonekana

Hadi hapa tumezungumzia nguo inayoficha. Mwaka 1956 ilizaliwa nguo ya kinyume chake. Vita vya Mfereji wa Suez vilipozuka, Umoja wa Mataifa uliamua kupeleka Misri jeshi la kulinda amani. Ilipasa askari wale watambulike kwa mbali ili wasipigwe kwa kudhaniwa kuwa upande mmoja wa vita. Bereti za bluu hazikuweza kupatikana kwa wakati, kwa hiyo zilichukuliwa kofia za ndani za helmeti za Marekani zilizokuwa Ulaya, zikapuliziwa rangi ya bluu ya Umoja wa Mataifa. Ni sehemu ya ndani ya M1 ileile tuliyokwisha kuiona! Tangu hapo helmeti hupakwa bluu au huvikwa kifuniko cha bluu, na walinda amani wakaitwa kwa jina la kofia zao.

Mantiki ya mabaka ni kusema: usinione. Mantiki ya bluu ni kusema: nione, mimi si adui yako. Lakini rangi haina nguvu ikiwa anayeitazama haijui, au ikiwa aliyeivaa hatimizi inachosema.

Kwanza, asiyeijua. Tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini mwa Katanga nchini Kongo, walinda amani 11 kutoka Ireland walishambuliwa na wapiganaji wa Kibaluba, na 9 kati yao wakauawa. Inaaminiwa na wengi kwamba wapiganaji wale waliwadhania kuwa askari wa upande wa adui yao. Bluu ilikuwa bado haijajifunzwa.

Pili, asiyetimiza. Hapa nazungumza juu ya nchi yetu. Mwaka 1994 walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa Rwanda. Tarehe 7 Aprili askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana waliuawa katika Kambi ya Kigali, na yeye aliuawa siku hiyohiyo. Mahali pale leo pana nguzo 10 za mawe, na kila nguzo imekatwa alama kwa hesabu ya miaka ya askari mmoja. Tunawakumbuka kwa heshima.

Siku nne baadaye, tarehe 11 Aprili, kikosi cha Ubelgiji kilichokuwa katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, kiliamriwa kuondoka. Zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekimbilia pale kwa sababu waliona bluu. Kwao rangi ile ilimaanisha: hapa pana ulinzi. Magari yalipoondoka wauaji waliingia, na wengi wa watu wale walipelekwa Nyanza ya Kicukiro na kuuawa huko. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi kizima hadi watu 270, huku mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea nchi nzima.

Si wote walioipa rangi ile kisogo. Askari wa Ghana walibaki. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiye na silaha, alivuka vizuizi vya wauaji mara nyingi na kuokoa mamia ya watu, hadi alipouawa tarehe 31 Mei. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Ahadi ni deni

Wahenga walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Nguo ya bluu juu ya helmeti ni ahadi iliyovaliwa kichwani. Ilipovunjwa Kicukiro, waliolipa hawakuwa wale walioivunja.

Mwaka 2004 askari wa Rwanda walipelekwa Darfur, Sudan, chini ya Umoja wa Afrika, na baadaye wengi wakavaa bluu ya Umoja wa Mataifa, Sudan Kusini na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Leo nchi yetu ni miongoni mwa zile zinazotoa walinda amani wengi duniani. Mwaka 2015 mkutano uliofanyika hapa ulitoa Kanuni za Kigali kuhusu ulinzi wa raia, zinazotaka mlinda amani awe tayari kutumia nguvu raia wanapotishiwa. Waliokimbilia shule ya ETO hawakuomba zaidi ya hilo.

Hivyo, mwanafunzi wangu uliyeuliza nguo itazuia risasi gani: hakuna. Nguo huzuia risasi pale tu aliyeivaa anapokubali kusimama mbele ya asiye na helmeti. Ukiiona helmeti katika makumbusho, usiulize bei yake. Uliza ilikinga kichwa cha nani, na kifuniko chake kilimwahidi nani nini.

Msamiati

- Handaki (mahandaki): shimo refu ambamo askari hujificha wakati wa vita.
- Kishungi: sehemu iliyoinuka juu ya kofia, kama ile iliyo juu ya kichwa cha ndege.
- Mabaka: madoa makubwa ya rangi mbalimbali.
- Mpagazi (wapagazi): mtu anayebeba mizigo kwa ujira au kwa kulazimishwa.
- Tarbushi: kofia ndefu, kwa kawaida nyekundu, isiyo na ukingo.
- Kupa kisogo: kugeukia upande mwingine, kuacha kujali.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kazi ya chuma na kazi ya nguo katika helmeti.
2. Kwa nini jeshi la Ufaransa liliviondoa vifuniko vya kitambaa?
3. Mwandishi anasema kughushi maandishi ya askari ni "wizi wa kumbukumbu". Je, unakubaliana naye? Toa sababu mbili.
4. Tunga aya moja ukitumia methali "Ahadi ni deni" kuhusu wajibu wa raia au kiongozi katika jamii yako.